Venice: mimi nakwambia nenda Novemba

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za Ulaya, na wanaotaka Venice karibu wote huja na tarehe mkononi: Juni, watoto wakifunga shule, au Februari kwa ajili ya kanivali ya vinyago. Nikiwatajia nusu ya pili ya Novemba wananitazama kama nimewaambia wapande Kilimanjaro na kandambili. Kila mmoja ameona picha za watalii wanaotembea kwenye maji ya magotini katika uwanja wa San Marco.

Picha hizo ni za kweli. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187, na Novemba 1966 yalikuwa yamefika 194, yakihesabiwa kutoka usawa wa zamani wa bahari, si kutoka sakafu ya uwanja. Lakini ukijua maji yale hutoka wapi, hofu yenyewe inapungua.

Aliyekulia pwani hana haja ya kuelezwa bamvu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvu hufika kama mita nne. Venice ni kama mita moja tu, na bamvu peke yake halina ubaya mkubwa. Ubaya ni pale linapokutana na shiroko, upepo wa kusini-mashariki wa majira ya vuli. Bahari ya Adriatic ni nyembamba na ndefu, na upande wa kaskazini imefungwa. Shiroko ikivuma siku nzima inayasukuma maji hadi kwenye kona hiyo, na konani ndipo mji ulipo. Ndiyo sababu mafuriko makubwa huangukia kati ya Oktoba na Januari, Novemba ikiongoza.

Tangu Oktoba 2020 kuna kitu kinaitwa MOSE: mageti 78 ya chuma yaliyolazwa chini ya bahari kwenye milango mitatu ya wangwa unaouzunguka mji, yaani Lido, Malamocco na Chioggia. Siku za kawaida yamejaa maji na yamelala. Utabiri ukionyesha maji yatafika sentimita 110, yanapuliziwa hewa, maji yaliyomo yanatoka, na mageti yanainuka kuizuia bahari. Mafuriko ya kiunoni uliyoyaona kwenye simu yako ni ya kabla ya hapo.

Sikudanganyi kwamba utakuta kukavu kila siku. Uwanja wa San Marco uko chini sana, unaanza kulowa maji yakifika sentimita 80 na kitu, na mageti hayainuliwi kwa hilo. Ukitega jicho utaona maji hayaji kwa kuruka ukingo wa gati. Yanabubujika polepole kutoka kwenye matundu ya mifereji ya sakafuni, vidimbwi vidogo vidogo vinatanuka mpaka vinashikana, na wahudumu wa mikahawa wanahamisha viti bila haraka yoyote. Zinatandazwa njia za mbao za kupitia watu, na baada ya saa chache maji yanapwa. Kanisa la San Marco lenyewe tangu 2022 limezungushiwa ukuta wa vioo. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, kwani tarehe za bamvu zinajulikana mwaka mzima kabla. Upepo ndio utaujua siku mbili tatu tu mbele, kwenye utabiri wa manispaa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, uwezekano wa kulowa ni mdogo zaidi.

Baridi ipo: nyuzi tano hivi asubuhi, kumi au kumi na mbili mchana, na jua linazama saa kumi na nusu alasiri. Chukua koti zito na viatu visivyopitisha maji. Mzee mwenye magoti mabovu namwambia aje mwanzo wa Oktoba, maana madaraja yale yana ngazi na ngazi zikilowa zinateleza.

Unachopata kwa kuvumilia baridi ni mji wenyewe. Mji wa kale una wakazi wasiofika 50,000, na kiangazi wageni huwafunika kabisa. Joto la Julai lina unyevu kama la Dar, mbu wapo (ndiyo, mbu), na siku nyingi kati ya Aprili na Julai mgeni wa kutwa hulipa kiingilio: mwaka 2025 zilikuwa siku 54, euro 5 kwa anayelipa mapema na 10 kwa anayechelewa. Novemba haikuwemo. Kuhusu kanivali sina mengi: bei za vyumba zinapaa na vichochoro havipitiki.

Tarehe 21 Novemba ndiyo ninayowatafutia wateja. Ni sikukuu ya Salute, yaani Bikira Maria wa Afya, nadhiri ya kushukuru kwisha kwa tauni ya 1630 na 1631. Linawekwa daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu, na wenyeji, bibi na wajukuu, wanavuka kwa miguu kwenda kuwasha mishumaa katika kanisa la Salute. Nje kuna vibanda vya vitafunwa na baluni za watoto. Majumbani wanapika castradina, supu ya kondoo aliyekaushwa kwa moshi pamoja na kabichi. Baadhi ya mikahawa huiuza siku hizo tu, kwa hiyo uliza. Na maonyesho ya Biennale, ya sanaa au ya usanifu majengo, kwa kawaida bado hayajafungwa, yanamalizika siku chache baadaye.

Wenye watoto shuleni Tanzania nawapeleka Desemba, kabla ya Krismasi. Ukungu ni mwingi, bei bado nafuu. Wakenya wana nafasi nzuri zaidi, likizo yao ndefu ya mwisho wa mwaka inaanza mapema.

Lala ndani ya mji wa kale. Mestre, ng'ambo ya daraja, ni rahisi, lakini utaikosa saa moja asubuhi ya soko la Rialto, mashua zinaposhusha mboga. Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa safari ya Novemba, Agosti faili lako liwe limeshafika ubalozini.