Eti ukipungua af ukanenepa tena metaboli inakufa?

Juzi kwenye kichen pati dada mmoja kaniambia hagusi tena daieti, maana ukipungua af ukirudi metaboli, yaani ule uchomaji wa kalori mwilini, inakufa kabisa, "imethibitishwa." Jamani. Na nani?

Mnaniletea wale wa Biggest Loser, lile shindano la TV la kupunguza uzito la Marekani. Sawa, utafiti wa 2016 upo, watu 14, miaka 6 baada ya shindano miili bado inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Ila someni mpaka chini basi! Metaboli ilishuka zaidi kwa waliofanikiwa kutorudisha kilo, sio kwa waliorudi.

Af kuna Framingham, ule utafiti wa Marekani wa kufuatilia watu na magonjwa ya moyo miaka mingi, matokeo ya 1991, waliopanda na kushuka uzito walikufa zaidi na kuugua moyo zaidi. Kweli kabisa, lakini walikonda kwa nini? Mtu wa TB anakonda, anameza dawa, ananawiri, na kwenye data yule na bibi harusi aliyejinyima wali miezi miwili ni kitu kimoja. Sigara nazo zimo humohumo. Na huwezi kumpangia mtu akonde halafu umwamuru anenepe, kwahiyo tunabaki kufuatilia watu na maisha yao. 1994 jopo la wataalamu kulekule Marekani lilipitia yote likasema ushahidi hautoshi kumzuia mnene asijaribu kupungua.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni misuli. Mama aliyekoma hedhi akipungua inaondoka na misuli, akirudi yanarudi zaidi mafuta. Hapo sina ubishi na yule dada.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni kuhesabu mtu kapungua na kurudi mara ngapi. Kila mtafiti ana kipimo chake, huyu kilo 5, yule asilimia 5, mwingine anauliza tu kwa mdomo mtu akumbuke miaka 20 nyuma. Niliwahi kukaa na dodoso, nikamuuliza mama mmoja amepungua kilo 5 na kuzirudisha mara ngapi, akaniangalia, "Mwanangu, na za uzazi unahesabu? Na Ramadhani je?" Karatasi haikusema. Ana watoto wanne, nikaandika 4. Wiki mbili baadae mwenzangu kamrudia kuhakiki majibu, mama yuleyule, swali lilelile, kaandika 0, eti uzazi sio daieti. Tumebishana mpaka chai ikapoa na sijui bado nani alipatia.