Je, wajua kwa nini mbwa aliyezaliwa anasikia vizuri anaweza kuwa kiziwi kabla hajatimiza miaka miwili?

Ukitaja mbwa kiziwi wengi wanawaza mbwa mzee, au yule Dalmatian mweupe mwenye madoadoa, ambaye uziwi kwenye ukoo wake unajulikana siku nyingi. Uziwi huo wa Dalmatian unampata mapema mno, wiki za mwanzo tu za maisha, manake ndani ya sikio zinakosekana seli za rangi ambazo sikio linazihitaji ili lifanye kazi, kwa hiyo akipimwa akiwa na wiki sita mnajua moja kwa moja. Ila kuna uziwi mwingine wa kurithi ambao haufanani na huo hata kidogo, unamkuta mbwa ameshajua jina lake, ameshajua mlio wa gari lako, halafu usikivu unapungua taratibu mpaka unaisha.

Mfano ulio wazi ni Rhodesian Ridgeback, mbwa wa hapa hapa Afrika, yule mwenye mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kuelekea mbele. Asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi waliochanganyika na mbwa wa walowezi kusini mwa Afrika, sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na wawindaji walimtumia kumzuia simba pale alipo mpaka mwenye bunduki afike. Kenya wapo wanaomfuga, kwa ulinzi na kwa mapenzi tu. Sasa kwenye ukoo huu kuna watoto wanazaliwa wazima kabisa, masikio yanafunguka wakifika kama wiki mbili sawa na mbwa wengine, wanapimwa wanaonekana wanasikia, alafu kuanzia kama miezi minne hivi mpaka kwenye mwaka mmoja au miwili wanapoteza usikivu masikio yote mawili. Ndo maana kile kipimo cha utotoni hapa kinadanganya, mtu anauziwa mbwa mwenye karatasi ya kusikia vizuri na karatasi haikukosea, ni kwamba ugonjwa ulikuwa haujafika bado.

Inakuwaje? Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, kiungo kilichojikunja kama konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo vidogo mno ambavyo sauti ikiingia vinapinda na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Vinyweleo hivyo vinatakiwa vitunzwe maisha yote, na kati ya protini zinazofanya kazi hiyo kuna moja inayotengenezwa na jeni iitwayo EPS8L2. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo kwamba Ridgeback wenye uziwi huu wana kipande cha herufi 12 za DNA kilichokosekana kwenye jeni hiyo. Vinyweleo vinaota vizuri tu mwanzoni, shida inakuja kwenye kuvitunza, kwa hiyo vinaharibika kidogo kidogo huku mbwa anakua. Kuku na ndege wengine wakipoteza seli hizi wanaziotesha upya, lakini mamalia hatuna uwezo huo, si mbwa si binadamu, na binadamu nao wapo wanaopoteza usikivu utotoni kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni hii hii. Mpaka sasa hakuna dawa wala upasuaji wa kumrudishia huyu mbwa usikivu wake.

Sasa hapa ndo naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hiki ndo kinachowaumiza hawa mbwa kuliko uziwi wenyewe. Mbwa hawezi kusema sisikii, na ule uzito wa masikio unakuja kwa umri ule ule ambao mbwa wengi wanaanza ujeuri wa kukua, kwa hiyo mwenye mbwa anaita haitikiwi, anaita tena kwa ukali, mwisho anachapa, na mbwa anachapwa hajui kosa lake nini. Anaitwa mkaidi, wengine wanamfukuza au wanaomba achomwe sindano ya kumuua. Kabla hujafika huko mwangalie kwa karibu. Ukimuita anageuka upande ambao hupo? Pikipiki ikija getini anaamka kwa sababu mwenzake kakurupuka, ila akiwa peke yake analala tu? Unaingia chumbani haamki mpaka umkanyagie sakafu karibu? Siku nyingine anaitika kwa sababu amekuona, si kwa sababu amekusikia, hivyo mjaribu akiwa amekupa mgongo, na usipige mlango wala kukanyaga kwa nguvu manake mtikisiko anauhisi vizuri tu. Ukiwa na mashaka mpeleke kwa daktari wa mifugo aangalie kwanza uchafu na maambukizi, hayo yanatibika.

Kama ni uziwi wa kurithi, muda ulionao ni ule ambao bado anasikia kidogo, utumie kumfundisha ishara za mikono. Hapa mbwa tayari yuko upande wako, kwa asili anasoma mwili wa mtu sana, mikono, mabega, uso. Chukua vipande vidogo vya maini, simama mbele yake, inua mkono juu kisha ushushe mpaka kifuani, halafu ndo useme njoo, akifika mpe kipande. Ishara itangulie na neno lifuate, ukivitoa pamoja ataendelea kusikiliza lile neno analolijua tayari na mkono hatauona kabisa. Siku zinavyokwenda neno unaliacha. Fanya hivyo hivyo kwa kaa, kwa subiri, na uwe na ishara moja ya furaha, wengine wanatumia dole gumba, ya kumwambia umefanya vizuri. Halafu jambo kubwa kuliko yote, kila mara akikutazama mwenyewe bila kuitwa mpe kitu, kwa sababu mbwa kiziwi asiyekutazama huna njia ya kumfikia.

Usiku tumia tochi, washa na uzime, ila usimmulike machoni na usichezee mwanga sakafuni. Kola za kutetemeka zipo na zinasaidia akifundishwa kwamba mtetemo maana yake nitazame, lakini zile za shoti ya umeme achana nazo kabisa, huyu mnyama ameshapoteza sauti ya kumuonya, usimuongezee maumivu yanayotoka hewani. Akiwa amelala usimshtue, sogeza mkono karibu na pua anuse, kisha mguse bega taratibu, pale pale kila siku, na umpe kitu akiamka. Watoto wa nyumbani nao wafundishwe hivyo hivyo kwa sababu mbwa aliyeshtuliwa anaweza kung'ata kabla hajajua ni nani. Nje ya uzio ni kamba wakati wote, kwa sababu bodaboda ikija mbwa hasikii, na kwenye kola andika namba yako ya simu na neno KIZIWI kwa herufi kubwa.

Kwa wanaozalisha, hii hitilafu inahitaji nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja anasikia maisha yake yote lakini anaipitisha, na wawili wa namna hiyo wakipandana kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kuwa kiziwi. Kipimo cha DNA kipo, unasugua pamba ndani ya shavu unatuma, na kinafanya kazi hata kwa mtoto ambaye bado anasikia kila kitu. Si lazima mwenye nakala moja atolewe kwenye uzazi, mpandishe na asiye nayo kabisa na hapatazaliwa kiziwi wa aina hii hata mmoja, halafu watoto wote wapimwe kabla hawajaenda kwa watu, na yule ambaye nakala zake mbili zimeonekana mapema aliyemchukua aambiwe siku hiyo hiyo ili aanze ishara akiwa bado mdogo.