Je, wajua kwa nini mchicha hutiwa maji moto kabla ya kugandishwa?

Masika yakinyesha vizuri, sokoni Malindi mchicha, mnavu na majani ya kunde hujaa tele, bei ikashuka. Kaskazi ikiingia na jua lake, fungu lile lile huwa dogo na ghali. Mwenye friza nyumbani hununua za kutosha wakati wa neema, akazikatakata na kuzitia humo mbichi. Mwaka mmoja nami nilifanya hivyo. Baada ya miezi michache nilitoa mboga ya rangi ya khaki, inanuka nyasi kavu, nikailaumu friza bure.

Jani likichumwa halifi papo hapo. Ndani yake mna vimeng'enya, vile vilivyokuwa vikilikuza na kulikomaza, navyo huendelea na kazi: hula rangi, ladha na vitamini. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huvipunguzia kasi tu. Kinachovikomesha ni moto.

Kwa hiyo chemsha maji mengi, kama lita 8 kwa nusu kilo ya majani. Yakitokota kwelikweli tia mchicha, funika, na yakianza kutokota tena hesabu dakika 2. Sukuma wiki na bamia changa ni dakika 3. Ukifunua utaona jambo la kupendeza: jani limekuwa kijani cha kung'aa kuliko lilivyotoka shambani, maana hewa iliyojificha ndani yake imetoka. Hapo hapo litose kwenye maji ya barafu, la sivyo litaendelea kuiva. Kisha lichuje vizuri. (Nyanya na pilipili hoho hazihitaji haya yote. Tango usiligandishe kabisa.)

Kuganda nako kuna siri yake. Maji ya ndani ya mboga yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, zikachana kuta za seli. Ndipo mboga hulegea na kuvuja maji ikiyeyuka. Mmarekani Clarence Birdseye alilitambua hili Labrador, kaskazini mashariki mwa Kanada ya leo, katika miaka ya 1910, alipoona samaki wa Wainuit, wenyeji wa huko, wakigandishwa mara moja na baridi kali, na baadaye wakiliwa kama wabichi. Friza zetu hazina baridi ile, basi tandaza mboga nyembamba, usiifunge donge kubwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Mimi hutumia mikebe mifupi yenye vifuniko, mmoja kwa mlo mmoja.

Umeme ukikatika, zuia watoto wasifungue. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, na iliyojaa nusu tu, kama saa 24.

Siku ya kupika usingoje iyeyuke. Kaanga kitunguu na nyanya, mimina tui jepesi, likitokota tia mchicha na barafu yake, kisha malizia na tui zito.