Uzito wa paini changa umekaa wapi?

Shamba la paini la miaka mitatu kule Mufindi, kusini mwa Tanzania, ukilitazama kutoka barabarani, huoni shina. Matawi yanaanzia karibu na ardhi, sindano, yaani majani yake membamba, zimeziba kila kitu. Mnunuzi wa mbao atapita bila kugeuza shingo. Anayepima tungamotaka atashuka na mizani.

Tungamotaka ni uzito wa vyote ambavyo mmea umejijengea, maji yakishaondolewa. (Jina lenyewe silipendi, "taka" ndani ya mti ulio hai! Wengine husema bayomasi.) Maji huondolewa kwa sababu paini mbichi ni kama nusu maji. Basi mti unaangushwa, unatenganishwa shina, gome, matawi na sindano, kisha mizizi inachimbwa, kazi isiyogombewa na mtu. Kila fungu linapimwa likiwa bichi, halafu vipande vyake vichache vinakaushwa kwenye oveni, vile vya mbao kwa nyuzi 105 hivi, mpaka uzito ugome kushuka.

Hapo ndipo umri unapoonekana. Mche hujenga sindano kwanza, maana ndizo zinazopika chakula, na matawi ya kuzibeba. Shina bado fimbo. Ukiwa umepanda kwa mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111 kwa hekta, itafika siku matawi ya mstari huu yanagusa ya mstari wa pili. Sindano za chini zinakosa mwanga, zinakauka, zinadondoka. Tangu hapo jumla ya sindano shambani haipandi sana, ila shina linaongeza kila mwaka, hadi kwenye mti uliokomaa linabeba zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa juu ya ardhi. Mti wa pembeni usikudanganye: unapata jua ubavuni, matawi yake hubaki manene. Usiupime huo ukadhani umepima shamba.

Kilo moja ya sindano ina naitrojeni, kirutubisho cha mimea, nyingi kuliko kilo moja ya mbao. Kwa hiyo anayevuna paini changa akachukua shina tu huacha chini sehemu nono ya shamba lake. Akiyachoma masalia, naitrojeni inaondoka na moshi. Potasiamu, kirutubisho kingine, inabaki kwenye jivu, nalo kwenye miteremko ya Mufindi linangoja mvua ya kwanza tu literemke bondeni.