Krimu ya steroidi ukiichanganya na losheni, ukali haupungui kama unavyodhani

Swali hili halikosi pale Kariakoo kwenye maduka ya vipodozi: hii krimu kali nikiichanganya na losheni yangu nusu kwa nusu, si inakuwa imepoa? Jibu ni hapana, au tuseme haipoi kwa hesabu hiyo, na kuna wakati inazidi kuwa kali.

Steroidi ya kupaka ni dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba na kuwasha, kama pumu ya ngozi au soriasisi, na kwenye tyubu utaiona kwa majina kama hydrocortisone, betamethasone, clobetasol. Sasa kwenye asilimia ndo watu wengi wanapotea. Hydrocortisone 1% ni ya upole, clobetasol 0.05% namba yake ni ndogo mara 20 ila iko kundi la kali kuliko zote, kwahiyo usilinganishe dawa mbili tofauti kwa kuangalia namba.

Halafu kuna kile kinachoibeba dawa. Mafuta mazito aina ya mgando yanaifunika ngozi, unyevu haupotei, ngozi inalainika na dawa inapenya zaidi, ndo maana dawa ileile kwa asilimia ileile mara nyingi inakuwa kali zaidi ikiwa kwenye mafuta kuliko kwenye krimu.

Haya, tuje kwenye kuchanganya. Kwenye tyubu nyingi sio dawa yote imeyeyuka, nyingine iko humo kama chembechembe ndogo sana, na inayopenya ngozi ni ile iliyoyeyuka tu. Ni kama chai uliyotia sukari mpaka nyingine ikabaki chini ya kikombe, ukiongeza maji kidogo na kukoroga ile ya chini nayo inayeyuka, utamu uko palepale. Kwahiyo unaweza kuongeza losheni mara kadhaa na ngozi bado inapata ukali uleule, wewe unajua umepunguza na unapaka mwili mzima kwa amani kabisa. Na losheni yenyewe ikiwa na urea au salicylic acid ndo balaa, hivyo vinafungua njia na steroidi inaingia nyingi zaidi.

Inaweza kwenda kinyume pia. Ukichanganya na kitu kinachoiyeyusha dawa vizuri kupita kiasi, dawa inang'ang'ania humo humo haitaki kuhamia kwenye ngozi, au inaharibika: betamethasone valerate ikikutana na kitu chenye alkali inabadilika umbo na kuwa dhaifu. Krimu nayo ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa, ukiingiza kitu kisichopatana nayo inakatika, maji huku mafuta kule, na dawa haisambai sawa, sehemu moja ya kopo kali sehemu nyingine hamna kitu. Kile kiungo cha kuzuia bakteria na ukungu nacho unakuwa umekizimua, na kwa joto hili la Dar kopo likikaa bafuni wiki kadhaa mimi nisingepaka.

Mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, ndo mbaya kuliko vyote kwa maoni yangu, maana anayekoroga anatia tyubu mbili tatu bila kujua kwamba zote zina steroidi, na kama ulikuwa na fangasi inajificha kwa muda huku inasambaa.

Sio kwamba dawa hazichanganywi kabisa. Wataalamu wanachanganya, hospitali ya KCMC kule Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi wanatengeneza dawa za kupaka wenyewe, ila wanajua kipi kinapatana na kipi na kitakaa muda gani. Wewe ukiona dawa ni kali mwambie daktari au mfamasia akupe ya daraja la chini, na losheni ipake peke yake, pisha kama nusu saa kati yake na dawa. Kipimo cha dawa ni mstari uliokamuliwa juu ya kidole kutoka ncha mpaka pingili ya kwanza, kama nusu gramu hivi, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Na kama mkorogo umeshautumia miezi na miezi usiuache ghafla kimyakimya, muone kwanza daktari wa ngozi, kwasababu ngozi ikishazoea steroidi kali inaweza kuwaka moto na kuvimba siku chache tu baada ya kuacha.