"Very" haiwezi kazi zote za "sana"

Katika Kiswahili "sana" haichagui. Maji ni ya moto sana, mtoto amelia sana, nakushukuru sana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na makosa mengi ya wanafunzi wetu huanzia hapo: mtu hukamata "very" na kuipachika popote ambapo Kiswahili kingeweka "sana".

"Very" hutangulia kivumishi au kielezi chenye viwango: "very cold", "very slowly". Kitenzi hakiitaki. Usiseme "I very like this book". Sema "I like this book very much" au "I really like this book". Vivumishi vya kulinganisha navyo vinaikataa. "Very better" ni kosa sugu, nasi walimu tumelizoea kupita kiasi. Husemwa "much better" au "far better".

Vipo pia vivumishi ambavyo mkazo umo ndani yake tayari. "Freezing" ni baridi kali, "exhausted" ni kuchoka hoi, "enormous" ni kikubwa ajabu. Ukisema "very exhausted", Mwingereza ataelewa, lakini sikio lake litakwaruzika. Hapa hutumika "absolutely", "completely" au "utterly", kulingana na kivumishi. "Really" inakubalika pande zote mbili, "really tired" na "really exhausted", kwa hiyo ndiyo kimbilio la mwanafunzi anapozungumza. Katika barua rasmi ipunguze.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni "too", kwa sababu halivunji sarufi, linageuza maana. "Mno" yetu inaweza kusifu na inaweza kulalamika. "Too" mbele ya kivumishi kwa kawaida hulalamika: jambo limevuka mpaka unaofaa. Chukua mfanyakazi anayetaka kuwashukuru waliomtumia mwongozo wa kazi, akaandika "The manual was too detailed". Yeye anasifu jinsi mwongozo ulivyojaa maelezo. Aliyeupokea ujumbe anasoma kwamba maelezo yamezidi, na safari ijayo atayapunguza. Sifa hiyo ingebebwa vizuri na "very detailed". "Thank you too much" nayo iachwe kabisa. Ni "thank you very much" au "thank you so much".

"Quite" inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kwa Waingereza, "quite good" mara nyingi ni sifa ya kusitasita, yaani nzuri kiasi; kwa Wamarekani hukaribia "nzuri sana". Lakini "quite impossible" ni jambo lisilowezekana katu, kwa wote.

Mahali pa neno pia pana uzito. "I really don't know" ni sijui kabisa. Sogeza neno moja tu, "I don't really know", na sasa umesema huna hakika. Katika mahojiano ya kazi au mbele ya polisi, hayo ni majibu mawili tofauti.

Halafu kuna maneno yanayokwenda pamoja kwa mazoea tu: "deeply sorry", "highly likely", "bitterly disappointed", "strongly recommend". Hakuna kanuni itakayokueleza kwa nini "highly sorry" haisemwi. Ukikutana na jozi kama hizi unaposoma, ziandike zikiwa zimeshikana, kivumishi au kitenzi pamoja na kielezi chake, na uzikariri hivyo hivyo.