Je, wajua kwa nini vidole hujua herufi ilipo hata pale mwenyewe usipojua?

Mwulize mtu anayechapa haraka akutajie, bila kutazama kibodi, herufi iliyo kulia kwa V. Wengi hukwama. Wengine utawaona wanachezesha vidole hewani kwanza, ndipo wanajibu: B. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani waliwahi kulipima jambo hili. Waliwapa wachapaji wazoefu, waliokuwa na kasi ya wastani wa maneno 72 kwa dakika, mchoro wa kibodi usio na herufi, wakaujaze ndani ya sekunde 80. Kwa wastani waliweka sawasawa herufi 15 hivi kati ya 26.

Maana yake ni kwamba kuchapa si jambo la kukariri ramani ya vitufe. Ni kumbukumbu ya matendo, ile ile inayomwezesha mtu kufunga kamba za viatu huku akipiga soga. Kumbukumbu ya namna hii haiingii kwa kuelezwa wala kwa kusoma. Huingia kwa kurudia tu, na ndiyo sababu hakuna njia ya mkato.

Chukua neno "kwa". Anayeanza hulichapa kama kazi tatu: anatafuta K, anatafuta W, anatafuta A. Mzoefu analiona kama kitu kimoja. Kidole cha kati cha kulia kikiwa bado kinashuka kwenye K, kile cha pete cha kushoto kimeshapaa kuelekea W, na kidole kidogo kinaingojea A. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Ufini na wenzao wa Cambridge walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 168,000, wenye mibonyezo milioni 136. Wastani wa kasi ulikuwa maneno 52 kwa dakika. Wale wenye kasi kubwa walikuwa na tabia moja: hubonyeza kitufe kinachofuata kabla hawajaachia cha kwanza. Jaribu kufanya hivyo kwa kukusudia uone utakavyojikanyaga. Huja yenyewe, vidole vikishazoea.

Sasa, mazoezi yawe ya namna gani? Jibu ninalolipenda zaidi lilitoka kwa wafanyakazi wa posta ya Uingereza, waliofundishwa kuchapa misimbo ya posta kwa ajili ya mitambo ya kuchambulia barua. Watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman, walioandika habari zao mwaka 1978, waliwagawa katika makundi: wengine saa moja kwa siku, wengine mbili, wengine hadi nne. Wa saa moja walihitaji jumla ya saa chache kuliko wenzao kufikia kiwango kile kile. Na bado ndio walioridhika kwa uchache kuliko wote, kwa sababu waliwaona wenzao wakiwapita kwa hesabu ya siku! Kwa hiyo ukijiona unajikongoja kwa dakika zako ishirini za kila siku, usizipime kwa kalenda. Ubongo huendelea kuyaimarisha uliyojifunza wakati umepumzika na umelala, kazi ambayo haifanyiki ukikesha Jumamosi nzima mbele ya kompyuta.

Ubaya ni kwamba vidole havichagui cha kujifunza. Ukikosea "kwa" ukaandika "kaw" mara hamsini, umefanya mazoezi ya "kaw". Ndiyo maana mwanzoni usahihi hutangulia kasi: punguza mwendo hadi makosa yawe machache sana, na usitazame chini. Vile vinundu vidogo kwenye F na J vimewekwa hapo ili vidole vya shahada vijue pa kurudi bila msaada wa macho.

Kuhusu vidole kumi, mimi si mkali. Uchunguzi mwingine wa Aalto, wa mwaka 2016, ulionyesha kuwa wapo waliojifunza wenyewe, wakitumia vidole vichache, na kasi yao hailingani na ya kobe hata kidogo. Siri yao ni kwamba herufi ile ile huguswa na kidole kile kile kila mara. Ila hao hutazama mikono yao zaidi. Anayeanza leo ningemshauri ajifunze vidole kumi. Aliyekwisha kuwa hodari kwa sita, sioni haja ya kumsumbua.

Itafika wiki ambayo kasi haipandi kabisa. Hilo si geni: watafiti Bryan na Harter waliliona kwa waliojifunza telegrafu, yaani kutuma ujumbe kwa ishara kupitia nyaya, wakaliandika miaka ya 1890. Hapo inasaidia kuchapa dakika chache kwa mwendo unaokuzidi kidogo, makosa yajitokeze, kisha ukayarudie polepole yale yaliyokuangusha.

Jambo moja linasahaulika. Programu nyingi za mazoezi zimejaa maneno ya Kiingereza, ilhali Kiswahili kina mwendo wake vidoleni. Q na X karibu hazihitajiki. A ndiyo inayojirudia kupita zote, na imewekwa chini ya kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu. Kwa hiyo nakili aya za Kiswahili. Na usishangae ukiona hesabu ya maneno haifanani na yako: katika vipimo vingi "neno" ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo, hivyo "wanafunzi" na nafasi inayofuata huhesabiwa maneno mawili kamili.